Mgeni Aliyekuwa Stoo kwa Mama Marcelina

Mama mkwe wangu, Marcelina, hana meno matatu ya mbele. Akicheka huziba mdomo kwa upindo wa kitenge, na wageni hudhani ni haya ya kike. Meno yale yalitolewa na jiwe. Aliyelirusha tunamjua, na chumvi tunanunua dukani kwake mpaka leo.

Mimi ni mke wa mwanawe wa kwanza, Feliksi. Siku ile nilikuwa jikoni, mtoto mgongoni, kwa hiyo nasimulia nilichokiona.

Mwalo wetu, ufuko wanakotia boti wavuvi wa Ziwa Tanganyika, uko kusini ya Ujiji. Mama hukausha dagaa, na ni mzee wa kanisa katika usharika wetu mdogo wa Kilutheri. Usharika huo una urafiki na usharika mmoja wa Ujerumani. Mwaka mmoja wao wanakuja, wanakaa majumbani mwetu na kufanya kazi nasi. Zamu ikigeuka tunakwenda sisi. Mama alikwenda mara moja. Alipewa kazi ya kuwaogesha vikongwe katika nyumba ya wazee, akalala kwa Frida, muuguzi mstaafu, mjane kama yeye. Baridi ilipomshika kifua, Frida alimwachia kitanda, mwenyewe akalala kwenye kochi siku tisa. Habari hiyo ya kitanda Mama ameisimulia hadi kuku wa hapa nyumbani wanaijua.

Zamu yao ilipofika, Frida alikuja na wenzake wanne. Huduma yao ilikuwa kupima presha na sukari uwani kwa kanisa. Wanakuchoma kidole, tone la damu linaingia kwenye kijikaratasi, basi. Ziara ya nyuma vijikaratasi na sindano vilitupwa shimoni, watoto wakafukua wakachezea. Mara hii Mama akawaambia, "Tieni vyote kwenye boksi, mkavichome mjini." Wageni wakatii.

Kosa likaingia hapo, na lilikuwa letu. Kwetu Waha, kilichotoka mwilini hakiondoki nyumbani. Nywele ukinyolewa unaziokota. Kitovu cha mwanangu Mama alikizika mwenyewe nyuma ya nyumba. Sasa watu zaidi ya mia wametoa damu, damu imefungiwa kwenye boksi la njano, boksi limepanda gari la wazungu. Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alikwenda nyumbani na swali lake moyoni.

Siku ya tatu akafa Saad. Alikuwa akivua boti moja na Feliksi, wamekua pamoja, wameoa mwaka mmoja. Aliteleza akaanguka ziwani, alfajiri wakampata. Feliksi ndiye aliyembeba begani kutoka majini. Pale pale mchangani mtu akasema, "Si walimtoa damu juzi? Nguvu za kuogelea angezitoa wapi?" Mwingine akataja mumiani, wanyonya damu. Baada ya neno hilo hakuna aliyetaka kusikia lingine.

Asubuhi hiyo mchungaji alikuwa amewapeleka wageni Kalinzi kuona mashamba ya kahawa. Frida tu ndiye aliyebaki kwetu, tumbo limemchafuka. Mama alikuwa anachemsha mafuta ya mawese akaange samaki, migebuka. Nilitoka kumwaga maji, nikaona watu wanapanda kutoka mwaloni, mapanga na makasia mikononi.

"Mama, wanakuja."

"Kina nani?"

"Wote."

Akamshika Frida mkono, akamwingiza kwenye stoo ndogo iliyo nyuma ya jiko. Frida akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Wanataka nini?"

"Wanataka wewe. Kaa chini, usikohoe."

Akaenda kusimama mlangoni pa jiko. Jiwe la kwanza lilipiga bati. La pili likampata mwanamke jirani aliyekuja kutusaidia, akaanguka kichwa kinavuja, wakamruka kama gunia.

"Mama Feliksi, umelipwa laki ngapi?" mmoja akapaza sauti. "Toa mumiani wako, tumkamue na yeye."

"Wewe nilimzalisha mama yako kwa mikono hii. Toka uwani kwangu."

Watu wengine wakacheka. Jiwe la tatu ndilo lililomfunga Mama mdomo. Nilisikia mlio wake, kama kikombe kinavunjika. Akatema damu na meno, akaingia, akasukuma komeo. Wakaanza kuupiga mlango kwa gogo. Mwanangu alikuwa analia mpaka sauti ikakauka. Mbwa wetu alibweka nje, kisha panga likamnyamazisha.

Mlango ulipasuka katikati. Wa kwanza kupenya alikuwa Feliksi.

Nguo zake zilikuwa bado mbichi kwa maji ya ziwa. Panga lilikuwa mkono wa kulia. Mimi hakunitazama, wala mtoto.

"Mama, pisha."

"Mwanangu, rudi." Alisema kwa shida, mdomo umejaa damu. "Ni mgeni wangu."

"Saad alikuwa nani wako? Pisha."

"Ukivuka mafiga haya hutoki mzima. Nakuapia."

Akavuka. Mama akanyanyua sufuria ya mawese kwa mikono mitupu, akamwagia.

Ule ukelele wa mume wangu bado unaniamsha. Mafuta yalimpata shingoni, kifuani na mkono mzima. Alidondoka akigaagaa majivuni, ngozi inatoka na shati. Waliokuwa nyuma yake wakarudi kinyumenyume. Mama alibaki na sufuria tupu, viganja vimeungua, anamtazama kama mtu aliyeona kazi ya mtu mwingine.

Stoo ikafunguka. Frida alitoka mwenyewe. Alivuta ndoo ya maji ya kunywa, akapiga magoti mbele ya mapanga yote yale, akaanza kummiminia Feliksi maji polepole, kata kwa kata. Alipoona yanakwisha aliniambia, "Maji. Maji mengi." Nikapita katikati ya watu wale kwenda kwenye tangi. Mmoja alininyanyulia panga, akalishusha.

Ndipo akafika Abdulatif, baba yake Saad. "Mwanangu bado hajaoshwa," alisema, "na nyie mnatafuta maiti ya pili. Anayemtaka Saad aje anisaidie kuchimba." Wakaanza kuondoka, mmoja mmoja.

Polisi walikuja mchana, wakachukua sita. Feliksi alilala hospitali wiki saba.

Wageni waliondoka kabla ya siku zao. Baadaye ikaja barua: usharika wao unamwomba Marcelina aende Ujerumani awasimulie ushujaa wake, na unauliza kama waendelee kuja. Mchungaji alifurahi. Mama hakufurahi. Aliniita niandike, viganja vyake haviwezi kushika kalamu.

"Mwambie Frida nimepokea. Mwambie waje, lakini kila anayepimwa apewe kijikaratasi chake akazike kwake. Mimi siji."

"Mama, wataona umewakataa."

"Nikasimulie nini mbele ya watu? Kwamba nilimpika mwanangu? Frida ni mzima, namshukuru Mungu, na ningemwagia tena. Lakini hilo halipigiwi makofi."

Niliandika hivyo hivyo. Feliksi alikuwa amekaa upenuni, bega limejikunja kwa makovu, anasikia kila neno. Tangu atoke hospitali hajala chakula kilichopikwa na mama yake. Nilipomaliza nikamuuliza kama ana salamu za kutia.

Alijaribu kuunyoosha mkono ulioungua, bega likakataa. Kisha akasema, "Mwandikie yule muuguzi, mkono unanyooka mpaka kiwikoni."

Mama alisubiri, kitenge mdomoni, kama kuna lingine. Halikuwepo. Nikaifunga barua.