Kifuniko Kilichofunguka Upana wa Kidole

Watu wa kwetu Kathiani wanajua kwamba mimi sisahau. Shule niliachia darasa la tatu, lakini niulize kuhusu mtoto yeyote niliyempokea akizaliwa kwenye hivi vilima, nitakutajia jina lake, la mama yake, na la nyanya aliyemrithisha jina. Hapa sitataja hata moja. Nasema hivi ili uelewe kwa nini nilishindwa kujificha nyuma ya uzee.

Mjukuu wangu, binti ya binti yangu, ni fundi wa ndege Nairobi. Kazi yake ni zile barakoa za oksijeni zinazokaa juu ya vichwa vya abiria, ndani ya kisanduku chenye kifuniko. Hewa ikipungua ndani ya ndege, kifuniko kinafunguka, barakoa zinaanguka, unavuta yako unapumua. Yeye huzikagua, hukunja mipira yake ya kupitishia hewa, kisha hufunga kifuniko. Siku aliyonisindikiza uwanjani niende Mombasa kumwona dada yangu mgonjwa, aliniambia kwa furaha kwamba barakoa za ndege hiyo alizipanga yeye mwenyewe wiki iliyopita, nikae kwa amani.

Nikakaa dirishani. Mkanda wa kiti sikuuamini, kile chuma chake kidogo mno. Nikachukua ncha iliyobaki, nikaizungushia kile chuma, nikapiga fundo la mukwa, ule mkanda tunaobebea kuni kwa kichwa. Fundo hilo likishakaza, limekaza. Kando yangu alikaa mama wa Kisomali mwenye duka la nguo Machakos mjini. Tulizungumza habari za mji kama majirani, naye akawa ananiita shosho, nyanya, kama mjukuu wangu anavyoniita susu.

Tukiwa juu masikio yaliniuma ghafla, na baridi ikaingia. Barakoa zikaanguka kila mahali, za njano, zikining'inia. Zetu hazikuanguka. Kifuniko chetu kilifunguka upana wa kidole kikakwama, na kwenye ule mwanya niliona mpira wa hewa umebanwa, umejikunja pembeni. Yule mama alisimama akauvuta kwa kucha hadi zikavunjika. Wapi.

Ng'ambo ya njia kulikuwa na barakoa moja ya ziada, na mzee wa pale alikuwa akituita kwa mkono. Yule mama angeweza kwenda akakaa huko. Mimi nilikuwa nimefungwa. Niliinua kile chuma, hakikuinuka. Ndege ilikuwa imeinamisha kichwa inashuka, kifua changu kinavuta na hakipati kitu, na vidole vyangu nilivitazama kama vya mtu mwingine.

Yule mama alikwenda akavuta pumzi mbili tatu kwenye ile barakoa, akarudi akainamia fundo langu kwa meno. Akaenda tena, akarudi tena.

"Shosho, sisi ngamia hatumfungi hivi," alisema, midomo yake imegeuka rangi.

Mara ya tatu hakufika kwenye barakoa. Alianguka njiani kati ya viti, na yule mzee ndiye aliyemvuta akamfunika uso nayo. Mimi nilibaki pale dirishani na fundo langu mpaka ndege iliposhuka chini kwenye hewa ya watu. Tulirudishwa Nairobi. Yule mama alizinduka. Mkanda wangu ulikatwa kwa makasi.

Siku chache baadaye nikasikia wakubwa wa mjukuu wangu wanasema kwamba kifuniko kile kina alama za kucha, kwa hivyo abiria ndiye aliyekiharibu. Watu wa uchunguzi wangekuja kwangu Jumatatu. Jumamosi binti yangu akafika kutoka Athi River na unga na sukari, akakaa jikoni bila kuvua koti. Nilijua amekuja kwa nini.

"Mama, sema hukuona. Sema ulikuwa umefumba macho."

Nikamwambia hakuna mtu wilaya hii nzima atakayeamini kwamba nimesahau kitu.

"Basi usiseme juu ya huo mpira. Mtoto atafukuzwa."

Usiku na mchana wa siku mbili nilizunguka katika nyumba yangu kama kuku aliyefunikwa kwa ungo. Nikimfikiria mjukuu wangu, nanyamaza. Nikikumbuka zile kucha, nasema. Mtoto yule nilimlea mwenyewe tangu akiwa wa miaka miwili. Kunja vizuri, nilikuwa nikimwambia akipanga nguo sandukuni, sukuma mpaka ndani, kisibaki kitu kinaning'inia. Hata usingizi ulinikataa.

Jumapili jioni mjukuu wangu alikuja mwenyewe. Hakuniuliza habari ya safari, hakuniuliza habari ya kifua. Alikaa kwenye kigoda mbele yangu, na nilipofungua mdomo kuzungumzia mahindi akanikatiza.

"Susu, kilifunguka kiasi gani?"

Nikaweka kidole changu cha shahada kati ya vidole vyake viwili. Hivi. Nikamwambia mpira ulikuwa wapi, umekunjwa upande gani. Alivitazama vile vidole vyake. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba wiki ile alipanga za ndege nyingine mbili kwa njia hiyohiyo, na zote mbili bado zinaruka.

Mama yake, ambaye alikuwa bado hajarudi Athi River, alisimama mlangoni akamwambia angoje kesho, azungumze kwanza na mtu anayemjua. Mjukuu wangu alikuwa ameshatoka nje, penye mawimbi ya simu. Nilimsikia akisema na karakana.

"Zisiruke. Fungueni vifuniko vyote nilivyofunga mimi." Akasikiliza kidogo. "Ndiyo, najua. Andika jina langu."

Walipovifungua, vitatu vilikwama. Siku hizi fundi akishafunga, fundi mwingine hukiachilia kifuniko aone kama barakoa zinaanguka zote, ndipo kinafungwa tena. Yeye alisimamishwa kazi, akaja kukaa kwangu. Mwezi mzima alinijibu ndiyo na hapana. Alikuwa akiamka kabla yangu kuchota maji, kisha anakwenda kulima upande wa mbali wa shamba, nami nilimwacha alime.