Bendera, Baiskeli na Mguu wa Mama Aziza

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti. Nilifika parke ya Kindu, yaani ofisi ya mwendesha mashitaka, nimevaa suti ya abakosti ya shemeji yangu, na Inspekta Mkuu akanitazama kuanzia kola mpaka viatu kana kwamba nguo ile nimeiiba. Hakuwa mbali na ukweli, maana shemeji alikuwa safarini Kailo na hakuwa ameulizwa. Akanipa kipande cha chaki na mita ya kuviringisha, akasema, "Twende. Kuna muntu amegongwa kwenye trotwari."

Trotwari ni ile njia ya saruji iliyoinuliwa mbele ya maduka. Nyinyi vijana wa pikipiki mnaiona kama mahali pa kuegesha tu. Wakati wetu, mvua zikianza, barabara ya katikati ya mji iligeuka matope matupu, na kila mwenye baiskeli alipanda juu ya saruji pamoja na watembea kwa miguu. Mafuta ya mawese kutoka Kailo, mpunga, magunia ya mihogo, vyote vilipita pale katikati ya akina mama na mabeseni yao. Watu waligongana mara kwa mara, na kila mmoja aliinuka akipiga kelele kwamba kosa ni la mwenzake.

Siku ile mzee mmoja alikuwa ameketi chini analia, na mwenye baiskeli amesimama kando yake analia zaidi. Nilitaka kumwinua mzee. Inspekta Mkuu akanivuta mkono.

"Pima kwanza," akasema. "Huruma itakuja nyuma."

"Lakini baba anaumia, shefu."

"Anaumia, njo kweli. Lakini nani amekuambia kama alikuwa anatembea sawasawa? Na huyu mwenye baiskeli, muulize: matako yake ilikuwa juu ya kiti ama hapana?"

Swali hilo la matako, msicheke, ndilo lililokuwa moyo wa kazi yetu. Kwa kanuni za barabarani, trotwari ni ya mtembea kwa miguu. Ukiipanda ukiwa umekaa juu ya baiskeli, umekosa kabla hujamgusa mtu. Lakini ukishuka ukaisukuma kwa mkono, mbele ya sheria wewe pia ni mtembea kwa miguu, una haki ya njia sawa na mwenye kubeba kapu. Kwa hiyo kila aliyemgonga mtu aliapa kwamba alikuwa anasukuma. Katika miaka yangu yote sikukutana na hata mmoja aliyekiri kuwa alikuwa amekaa. Ndiyo sababu tulifanya konsta: unachora gurudumu kwa chaki pale lilipolala, unapima umbali kutoka ukutani, unatazama magoti ya watu na mikwaruzo ya saruji, kabla wenye nia zao hawajasogeza vitu. Kisha unaandika prosevebali, yaani maneno ya kila mmoja kama alivyoyasema, unayapeleka kwa Substituti, naibu wa mwendesha mashitaka, naye ndiye anayeamua.

Inspekta Mkuu alinifundisha kushuku jinsi fundi anavyomfundisha mwanafunzi kupiga randa. Anayelia sana, mshuku. Asiyelia, mshuku pia. "Na watu wawili wakikuletea maneno moja," aliniambia, "ujue wameonana." Hili la mwisho nililishika kuliko yote.

Nilipelekwa mahali panapoitwa Kama, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako ukimuuliza mtu amekuja kwa njia gani anakuonyesha njia tatu. Baadaye nikapelekwa Kibombo, chini ya mkuu wa kituo aliyependa usingizi na ambaye agizo lake moja kwangu lilikuwa nisimwamshe. Niliporudi Kindu nilikuwa simwamini hata jogoo wa jirani. Mke wangu alisema ninaonja mchuzi kama mtu anayetafuta ushahidi.

Lakini Kindu niliyoirudia ilinipita kwa mashaka. Ulikuwa wakati wa Chama kimoja, na sote tulikuwa wanachama tangu tumboni mwa mama zetu, tupende tusipende. Mtu mwenye viatu vilivyong'aa akiingia mahali pa kunywea, mazungumzo yote yaligeuka kuwa ya mvua na mpunga. Hata mimi nikiingia waliongea mvua. Iliniuma, lakini sikuwalaumu, kwa sababu nami nikikaa kwao nilikuwa najiuliza ni nani kati yao anayenisikiliza.

Kila asubuhi firimbi ililia kwenye ofisi za serikali, bendera ikapandishwa, na kila aliyekuwa karibu alisimama. Gari lilizimwa. Mwenye baiskeli alishuka. Miguu pamoja, mikono imenyooka ubavuni, macho kwa bendera. Anayetembea wakati huo hakuhesabiwa kuwa amevunja kanuni za barabarani. Alihesabiwa kuwa ameitukana nchi, na kesi yake haikuja kwetu, ilikwenda kwa wale jamaa ambao ofisi yao haikuwa na kibao mlangoni. Wengine walirudi kutoka kule wamekuwa watu wa kunyamaza. Wengine hatukuwaona tena.

Asubuhi moja, bendera ikiwa ndiyo kwanza imefika juu, niliitwa mbio kwenye trotwari ya maduka. Mama Aziza, mjane aliyeuza vitumbula pale pembeni, alikuwa chini, mguu umevunjika. Juu yake ililala baiskeli ya Shabani, mchukuzi wa mafuta wa Kailo, na bidoni zake, yaani madumu, zimepasuka. Kiongozi wa vijana wa Chama alikuwa amefika kabla yangu, kitambaa cha Chama shingoni, amemshika Shabani kwenye ukosi wa shati.

"Sitwayeni Inspekta," akaniambia, maana Chama kilitaka sote tuitane raia, "watu wawili wenye kusimama hawawezi kugongana. Mumoja alikuwa anatembea wakati ya bendera. Weye niambie tu ni nani, miye nitamupeleka."

Alikuwa na akili mbaya, lakini alikuwa na akili. Nikiandika kwamba Shabani alikuwa juu ya kiti, kosa dogo la trotwari lingemfikisha mahali pasipo na kibao. Nikiandika kwamba Shabani alisimama na mama ndiye aliyemwendea, basi mama angechukuliwa na mguu wake unaning'inia. Lile swali la matako, ambalo nilikuwa nimeliuliza maisha yangu yote bila wasiwasi, safari hii lingeweza kummaliza mtu.

Nikainama kufanya konsta. Mafuta yalikuwa yametapakaa juu ya saruji yote, chaki haikushika, na kama kulikuwa na mikwaruzo ilikuwa imezama humo. Nikageukia mashahidi. Mwenye duka la chumvi na sabuni, mtu wa Butembo, alikuwa amesimama mlangoni pake, hatua chache tu kutoka pale.

"Uliona nini, baba?"

"Miye nilikuwa naangalia bendera."

Fundi cherehani naye alikuwa anaangalia bendera. Muuza dagaa alikuwa anaangalia bendera. Mtaa mzima, asubuhi ile, haukuona kitu kingine chochote, na kiongozi wa vijana hakuweza kumkaripia hata mmoja kwa hilo.

Nikamtenga Shabani. "Nilisimama, shefu. Mama pia alisimama. Baiskeli njo ilianguka." Nikaenda hospitali kwa Mama Aziza, ambaye alikuwa amebebwa moja kwa moja kutoka trotwari. Alijifuta jasho la maumivu usoni, akasema, "Nilisimama. Ule baba pia alisimama. Baiskeli njo ilianguka."

Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule: baiskeli ndiyo iliyoanguka. Masikio yangu yalisimama kama ya mbwa. Niliandika, nikaharakisha kwa Substituti.

Huyu Substituti alikuwa mtu mfupi aliyetoka mbali, mpole wa sauti, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota hapahapa sokoni. Nilimwambia kwa fahari kidogo, "Shefu, maneno yao ni moja. Hawa wameonana."

Akavua miwani, akaifuta polepole.

"Umeona vizuri," akasema. "Sasa usione tena."

Nilidhani sikumwelewa. Akaendelea, "Ule wa Chama aje hapa kesho asubuhi. Na baiskeli iletwe, bidoni zingine zifungwe juu, zijazwe maji."

Kesho yake kiongozi wa vijana alifika amepiga pasi. Baiskeli ilikuwa uani, imelemewa, inahitaji mikono miwili kuisimamisha. Substituti akaitikia salamu, akapapasa mifuko.

"Sitwayeni, tafadhali unishikie hii. Nitafute ufunguo ya ofisi."

Mwenzetu wa Chama akaishika. Substituti akatafuta ufunguo mfuko mmoja, akahamia mwingine, akarudi kwenye ule wa kwanza. Hapo firimbi ikalia, na bendera ya uani kwetu ikaanza kupanda. Sote tukakakamaa. Nilimwona kiongozi wa vijana kwa pembe ya jicho: akaitazama mikono yake juu ya usukani, akawatazama askari na makarani waliomzunguka, na nina hakika alikuwa anajiuliza ni nani kati yetu atakayemsema. Akaiachia. Mikono ikashuka ubavuni. Baiskeli ikasita kidogo, ikaniangukia mimi, bidoni nzima juu ya mguu wangu, nami sikutoa hata pumzi mpaka bendera ilipofika juu.

"Sitwayeni," Substituti akamuuliza, "ulitembea wakati ya bendera?"

"Hapana! Hata kidogo!"

"Umemugonga Inspekta wangu?"

"Hapana, shefu! Baiskeli njo imeanguka."

Substituti akanigeukia, mimi niliyekuwa nachechemea. "Andika," akasema.

Uamuzi ukawa hivi: hakuna aliyesogea, kwa hiyo bendera haikutukanwa. Lakini sheria ya raia ina kipengele chake: kitu kilicho chini ya ulinzi wako kikimuumiza mtu, unajibu wewe, hata kama mkono wako ulikuwa umenyooka ubavuni kwa heshima kiasi gani. Shabani alipewa jukumu la kumuuguza mama. Kila siku ya soko alimbeba kwenye baiskeli ileile mpaka kwa wauguzi, akamletea mafuta ya kukaangia, mpaka alipoweza kukanyaga. Kiongozi wa vijana hakuonekana tena parke kwa muda mrefu.

Nilitumika chini ya masubstituti wengine baada ya yule, wenye sauti kubwa zaidi, na nilipima trotwari nyingi mpaka mita ikafutika namba. Nilipostaafu nilivuka mto, nikajenga Alunguli, nikalima mboga za lengalenga. Na huku Alunguli, asubuhi moja, nikanunua vitumbula kwa bibi mmoja anayechechemea, nikamtambua kabla hajanirudishia salamu.

Tulizungumza habari za watoto na za marehemu. Lakini mashaka ni ugonjwa usiokuwa na dawa. Nikamuuliza, "Mama Aziza, siku ile, baiskeli ilianguka kweli?"

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Baba weye! Mupaka leo?"

"Mupaka leo."

"Alikuwa amepanda, tena mbio. Na miye nilikuwa natembea, karai yangu iko kwa moto, firimbi imelia lakini miguu haikutii. Tukaanguka wote. Nilifungua kinywa nimutukane. Nikaona haniangalie miye, haangalie mafuta yake yenye kumwangika, anaangalia tu ile bendera. Nikamuambia: tulisimama. Akaniuliza: na baiskeli? Nikamuambia: ilianguka."

"Mlikuwa mnajuana?"

"Hata jina sikulijua."

Mara nyingi vijana wenzenu wa pikipiki hunijia na ugomvi wao wa trotwari, nami nawaeleza sheria vilevile kama nilivyofundishwa: saruji ni ya miguu, na kitu chako ni jukumu lako. Wakiondoka huwa namfikiria Substituti akifuta miwani yake. Nilishuku watu kazi yangu yote, na mara nyingi sikukosea. Niliwashuku hata wale wawili, na kweli walikuwa wanadanganya. Namshukuru Mungu mpaka leo kwamba sikusikilizwa.