Neno Nililompa Feruzi

Haya nitakayoyasimulia yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi, nikiwa nimelala vya kutosha na tumbo langu likiwa na chakula. Nataja usingizi na shibe kwa makusudi, kwa maana wapo watu hapa Kaisho wanaosema kwamba njaa ya vita ilinichezea macho. Haikunichezea. Migomba yangu ilizaa mwaka ule wote, na sikuwahi kuomba hata ndizi moja kwa jirani.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa Juni, mwaka 1916. Wakati ule sikuijua siku hiyo kwa jina lake, kwa kuwa nilikuwa bado nahesabu siku kwa mwezi na kwa mvua. Nilianza kusoma nikiwa tayari mjane mwenye mvi, nikikaa benchi moja na watoto walionicheka, na jambo la kwanza nililomwomba mwalimu halikuwa kuandika jina langu. Nilimwomba anifundishe kurudi nyuma katika kalenda. Nikarudi nyuma mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, mpaka nikaifikia Alhamisi ile na kuitia alama. Basi ninapotaja siku, niamini.

Bwana wangu Rutaihwa alikuwa askari wa Wadachi, yaani Wajerumani. Kombania yake iliundwa katika miaka ya tisini ya karne iliyopita, mimi nikiwa bado nachunga ndama, na ilisifiwa kwa kutembea. Askari wale hawakutembea peke yao. Sisi wake zao tuliwafuata nyuma tukiwa na vyungu na watoto, na kwa sababu hiyo historia ya kombania ile naijua kwa nyayo zangu. Mwaka 1905 tulipelekwa kusini, kwenye vita vya Maji Maji. Mwaka 1907 tulirudi, tukiwa wachache kuliko tulivyokwenda. Mwaka 1914, Wazungu walipoanza kupigana wao kwa wao, kombania iliwekwa kando ya mto Kagera kuwazuia Waingereza, nami safari hiyo nilibaki nyumbani na mama mkwe, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kufa.

Katika mstari askari walitembea wawili wawili. Kushoto kwa bwana wangu, miaka yote hiyo, alitembea Feruzi, Mmanyema wa Ujiji, Mwislamu, mtu mrefu mwenye mzaha usiokwisha. Kule kusini bwana wangu alipopigwa mshale wa paja, Feruzi alimbeba mgongoni siku mbili. Je, mtu wa namna hiyo utamlipa nini? Kwetu Unyambo hakuna malipo ila moja: unamfanya ndugu. Tunaita omukago, yaani undugu wa kuchanjiana.

Walichanjiana hapa, mlangoni kwangu, walipopewa likizo mwaka 1908. Karibu na mlango ulisimama mbuni, mti wetu wa kahawa, na unasimama hata leo. Mama mkwe alichuma tunda moja jekundu, akalimenya, akatoa buni zake mbili zilizokaa uso kwa uso kama ilivyo desturi ya kahawa. Kila mmoja alichanjwa kidogo karibu na kitovu, akaipaka buni yake damu, akampa mwenzake aimeze.

Feruzi aliitazama buni ile mkononi, akasema, "Shemeji, mimi Mwislamu. Mwanilisha damu?"

"Tope la Ruvuma ulilimeza bila kuliuliza dini yake," bwana wangu alimjibu.

"Meza, usitafune!" mama mkwe alifoka. "Anayemtafuna ndugu yake huumwa tumbo mpaka kaburini."

Wakameza. Ndipo mama mkwe alipotamka maneno ya agano, akiwatazama wote wawili, kisha akanitazama mimi, kwa sababu mke naye yumo ndani yake: "Akija na jua, mpokee. Akija na mvua, mpokee. Akija hana kichwa, mpokee. Na usimdanganye, kwa maana utakalomwambia ataliamini, na litakuwa."

Tulicheka. Feruzi alisema kwamba akija hana kichwa tumwekee kahawa shingoni.

Sasa nirudi kwenye mwaka 1916. Mwezi ule wa Juni Wadachi walianza kurudi nyuma kuelekea kusini, na kombania ikaondoka mtoni. Jumatatu usiku bwana wangu aliingia nyumbani bila bunduki na bila viatu. Alikuwa ametoroka. Kila mtu alijua adhabu ya askari mtoro: kamba na tawi la mti. Nilipomuuliza yuko wapi Feruzi, alisema, "Usiniulize," na mimi sikumuuliza tena. Nilimficha katikati ya migomba, ndani ya shimo letu la kuivishia ndizi za pombe, nikamfunika kwa majani makavu. Hakuna aliyejua ila mimi. Hata mama yake sikumwambia, kwa kuwa furaha yake ilikuwa na sauti kubwa.

Asubuhi ya Alhamisi ukungu ulipanda kutoka bondeni, mzito kuliko nilivyopata kuuona. Nilikuwa nimeketi kizingitini namenya ndizi. Mbuni, ambao ni hatua mbili tu kutoka mlangoni, ulionekana kama unaelea bila shina. Jogoo hawakuwika. Nilikuwa nikisikia kitu kama mvua ya mbali, na ilinichukua muda kutambua kwamba ile si mvua, ni miguu. Miguu mingi, ikitembea kwa pamoja, polepole, juu ya ardhi laini.

"Hodi, shemeji."

Alikuwa amesimama chini ya mbuni, tarbushi kichwani, nguo zake za kaki zimelowa zikidondosha maji. Nilimtambua mara moja. Moyo wangu ulishuka, si kwa hofu ya mzimu, la hasha. Nilidhani ametumwa kumkamata bwana wangu.

"Ndizi tena?" alisema Feruzi. "Katika nyumba hii sijapata kuona ugali."

Ulikuwa mzaha wake wa miaka yote, nami nikamjibu kama miaka yote: "Ugali ni chakula cha watu wasio na migomba." Lakini hakucheka, nami sikucheka.

Mama mkwe akaita kutoka ndani, "Nani huyo?"

"Shikamoo, mama."

Salamu hiyo mama mkwe alifundishwa na Feruzi mwenyewe, na alipenda mno kuiitikia. "Marahaba, Feruzi mwanangu! Mbona sauti yako kama imetoka mtungini? Ingia ukauke. Wewe mke wa Rutaihwa, kahawa iko wapi? Mpe mgeni kahawa!"

Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kilikuwa karibu na goti langu. Sikukigusa. Mimi si mwanamke wa kuogopa tarbushi. Nimelala maporini na askari mia wakikoroma. Nilikaa palepale kizingitini ili asipite.

"Umetumwa?" nilimuuliza.

"Sikutumwa. Mto umenichosha, shemeji. Nataka kukaa kidogo penye moto wa ndugu yangu, kisha anionyeshe pa kulala. Yuko?"

Fikiri nawe: ungemjibu nini? Nyuma yangu palikuwa na mwanamke kipofu, kando yangu migomba, na ndani ya migomba mume wangu mmoja, niliyemfuata kusini na kumrudisha mzima.

"Hayupo," nilisema. "Amerudi kwenye kombania."

"Amerudi?"

"Mtafute mstarini, mahali pake pa siku zote."

Alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake, wala shaka. Niliona tu uchovu, kama wa mtu aliyetua mzigo akaambiwa aubebe tena.

"Umesema wewe, shemeji?"

"Nimesema mimi."

"Basi yupo," alisema Feruzi, akageuka.

Alipogeuka, ukungu ulifunguka kama pazia linalovutwa na mtu asiye na haraka, na nikaiona njia iliyo chini ya shamba langu. Kombania ilikuwa inapita. Haikuwa na ngoma wala tarumbeta, ingawa mpiga tarumbeta alikuwa mbele, nami nilimjua: alikufa kwa kuhara damu tulipokuwa njiani kurudi, mwaka 1907. Nyuma yake alitembea ombasha, yaani koplo, Songoro, ambaye sanda yake niliishona kwa mkono wangu kule kusini, mwaka 1906, tukamzika chini ya mti wa mtondoo. Walifuata wengine wa kusini, wawili wawili, kwa mfuatano wa kufa kwao, kila mmoja nikimtambua kwa mwendo kabla ya uso. Kisha wakaja wa Kagera, vijana, wengi wao nisiowajua, nguo zimelowa kama za Feruzi.

Mwishoni mwa mstari palikuwa na nafasi ya watu wawili. Feruzi aliingia upande wa kushoto. Upande wa kulia ulikuwa wazi, naapa ulikuwa wazi, niliona majani ya ng'ambo ya njia kupitia pale. Kisha haukuwa wazi tena. Alisimama mtu pale, amenipa mgongo, na kwenye bega la shati lake niliona kiraka cha kitambaa cha buluu. Kiraka kile nilikishona mimi.

Ukungu ukafunga.

Nilikimbia mpaka shimoni, nikafukua majani kwa mikono. Alikuwepo! Amelala, ana joto, anapumua, shati lake na kiraka chake cha buluu. Nilimshika nikacheka kwa sauti, na kicheko changu kikamwamsha.

"Nimeota tunatembea," alisema. "Feruzi alikuwa kushoto kwangu, hataki kusema nami."

"Feruzi alikuja, nimemfukuza."

"Feruzi yupi?"

"Una Feruzi wangapi?"

Aliketi, majani yamemganda kwenye nywele, akanieleza lile alilonikataza kuuliza. Siku mbili kabla hajafika nyumbani, usiku, walipokuwa wakivuka Kagera, mtumbwi ulipinduka. Feruzi aliita jina lake mara mbili. Bwana wangu alikuwa ameshika mafunjo ukingoni, Waingereza wako ng'ambo wanasikiliza, naye hakuitika. "Kesho yake tulipojipanga mstari," alisema, "kushoto kwangu palikuwa wazi. Nilishindwa kusimama hapo."

Ndipo nilipoelewa. Mtu aliyezama, asiye na kaburi, kwao ni Ujiji, mbali mno. Angekwenda wapi kama si kwa ndugu yake? Hakuja kumchukua mtu. Alikuja kuomba moto, kahawa, na mahali pa kuzikiwa.

Tulifanya yote tuliyoyajua. Mama mkwe alipoambiwa, hakupiga kelele kama nilivyodhani. Alisema, "Mwanangu umemtoa kwa mkono wako, kama mtu anayempa jirani kaa la moto." Tulizika shina la mgomba chini ya mbuni kwa jina la Feruzi, kama tunavyomzikia mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Tuliweka kahawa kizingitini. Nililiita jina lake katika ukungu, nikasema nilidanganya, nikasema yupo, yupo nyumbani. Hakuna aliyeitika.

Bwana wangu tulimlaza ndani. Hakuwa na homa wala jeraha. Kila alfajiri aliamka akiwa amechoka zaidi, akatutajia walikopita. "Tumepita Mabira," alisema siku ya pili. Siku ya tatu akasema, "Tumelala Chonyonyo." Baada ya hapo alitaja nchi ambazo mama yake hakuzijua, lakini mimi nilizijua, kwa kuwa ilikuwa njia yetu ya 1905. Nyayo zake zilichubuka. Nilizifunga vitambaa jioni, na asubuhi vitambaa vilikuwa vyekundu kwa udongo wa kusini, mtu ambaye hakuvuka kizingiti! Siku ya nane aliniambia Feruzi ameanza kuzungumza naye tena, tena kwa mzaha, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu vita vianze. Siku ya tisa, Ijumaa, alisema, "Tumeufikia mtondoo wa Songoro," akakata roho.

Wapo wanaume walioniposa baadaye, wawili, mmoja akiwa na ng'ombe wengi. Niliwakataa. Mimi ni mke wa askari, na mume wangu yuko safarini.

Sasa sikiliza jambo la mwisho, maana hili unaweza kuja kulitazama kwa macho yako. Tangu mavuno ya mwaka 1917, mbuni ule wa mlangoni huzaa matunda mekundu, makubwa, mazuri. Lakini ukilimenya tunda, ndani yake unakuta buni moja tu, ya mviringo, imekaa peke yake. Kila tunda. Bwana shamba mmoja alikuja, akamenya matunda kumi, akasema ni ukame. Nikampeleka kwenye mbuni wa pili, hatua nne kutoka pale, akamenya matunda yake: buni mbili, mbili, mbili. Alilifunga daftari lake akaniaga.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiwa umeolewa katika nyumba yenye omukago, au umerithi ndugu wa namna hiyo kwa baba yako, nakuonya. Akija mlangoni, usimtazame kwanza kama yu hai. Mpe maji, mpe kahawa, mpishe motoni, ndipo umsikilize. Na hofu ikikushika mpaka ukashindwa kusema kweli, basi nyamaza. Usimwambie jambo ambalo hungelivumilia likiwa kweli.

Mimi asubuhi za ukungu huamka mapema. Huweka kikapu cha kahawa kizingitini, nikaketi pembeni, si katikati kama siku ile, ili mlango ubaki wazi. Nikisikia ile mvua ambayo si mvua, husema kwa sauti, kwa maneno yaleyale, nikingoja yawe: "Yupo nyumbani, shemeji. Ingieni nyote wawili."