Siku Tulipokiwekea Kinu cha Pamba Matanga

Siku yangu ya kwanza gazetini, Mhariri wa Habari alinipa kalamu na wosia: "Habari bila chumvi haisomwi." Nikaipenda kazi papo hapo! Nilianzia Maswa, kisha nikahamishiwa Bariadi kuwa mwakilishi, yaani mtu mmoja anayekusanya habari za wilaya nzima na kuzisoma kwa simu ya posta.

Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wa pamba walijaa kila kona. Kinu chetu, kilichotenganisha nyuzi na mbegu, kikasimama. Nikapiga simu gazetini: Bodi inayokimiliki imekifunga. Mhariri akatoa kichwa cha habari kikubwa: "Kinu cha Bariadi chakata roho."

Gazeti lilipofika nilienda getini, nikaduwaa. Wafanyakazi wamekaa chini, na wanawake kutoka Ngulyati wameleta ugali na maziwa. Kwetu mtu akifa majembe yanawekwa chini, na hakuna anayemhoji mfiwa.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma Nkwimba, mama aliyesimamia mashine.

"Mwangaluka, baba. Kazi ya Mungu haina makosa."

Damu ikanichemka! Mungu kaingiaje hapa? Ofisini, Meneja alikuwa anakunywa chai kwa raha zake. Nikamuuliza kwa nini Bodi imefunga.

"Kijana, marehemu hasemwi," akanijibu.

Nikakimbilia posta. "Mhariri, hakuna aliyekufa! Bodi ilikaa, ikaamua."

"Hiyo haina ladha."

"Watu wanapoteza kazi huku wanapeana pole! Hakuna anayedai kitu!"

Nikasikia akivuta karatasi. Kisha akasema, "Haya, soma."

Gazeti lililofuata likaandika: "Bodi yafunga kinu, wafanyakazi hawakuulizwa." Nkwimba alisoma, akasoma tena, akakaza khanga kiunoni na kuwaongoza wenzake hadi kwa Meneja. Hawakubanduka mpaka Bodi ilipokubali kuja kukaa nao. Bodi ilipokipangisha kinu kwa mfanyabiashara, wao ndio walioitwa kazini kwanza. Hawakurudi wote, na hilo linaniuma mpaka leo, lakini Nkwimba alirudi.

Sasa nimestaafu, nalima mpunga kijijini Ipililo. Redioni nasikia kampuni hii mahututi, ile imezikwa, nami naibishia redio peke yangu hadi mke wangu anacheka. Vijana, kazi hii ni tamu mno! Ila kabla hamjaandika msiba, mtafuteni aliyefunga mlango. Siku ile Nkwimba alitoka kwa Meneja, akanishika bega mbele ya wote.

"Baba, tulikuwa tunalia," akasema, "kumbe tulitakiwa kuuliza."