Tita la Majani Thelathini

Tryphena alikuwa mtu wa milimani, wa Mgange, ambako asubuhi ukungu huingia mpaka jikoni na watu hujifunika shuka kabla ya kuwasha moto. Ndoa ndiyo iliyomteremsha bondeni. Mumewe, Thadeus, aliendesha trekta katika shamba moja la mkonge nje ya Voi, upande wa kwenda Marungu. Mwaka wa 1966 bibi harusi akajikuta kwenye laini za wafanyakazi, vyumba ishirini mstari mmoja, na vumbi jekundu lililoingia hadi kwenye kopo la chumvi. Mwezi wa kwanza alilalamikia joto usiku na mchana mpaka Thadeus akachoka kumsikiliza. Mwezi wa pili aliacha, kwa sababu alikuwa ameanza kuwaona watoto.

Walikuwa wamejaa tele. Wazazi wao walitoka alfajiri, wanaume kwenda kukata mkonge, wanawake kwenda kuanika nyuzi, na watoto wakabaki wanachungana wenyewe, wa miaka saba akimbeba wa miaka miwili. Kulikuwa na Wajaluo, Waluhya, Wakamba na Wataita, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza, kila mmoja na kipande chake. Tryphena alikuwa amemaliza darasa la nane na hakupenda kukaa bure. Aliwasumbua wakubwa wa shamba miaka miwili unusu, maana alipokuwa na jambo hakujua kunyamaza, na mwaka wa 1969 wakampa ghala kuukuu la magunia ili wapumzike. Hiyo ndiyo ilikuwa nasari, shule ya watoto wadogo.

Chaki hakuwa nayo, vitabu hakuwa navyo. Akawaacha watoto walete wanachokijua, nao wakaleta mkonge. Waliokota vipande vya majani makavu visivyo na miiba, wakacheza kazi ya baba zao. Mkata mkonge hukusanya majani thelathini, anayafunga tita, anaanza upya: moja, mbili, tatu. Tita likipungua hata jani moja, nyapara analifumua mbele za watu, na mtu anaaibika. Kwa hiyo watoto nao walihesabu kwa makini, wakafunga, wakapanga, na aliyejifanya nyapara alipita akifumua kwa ukali kuliko nyapara mwenyewe. Tryphena aliwatazama tu mwanzoni, afadhali hivyo kuliko kurushiana mawe. Baadaye aligundua kwamba vidole vilivyozoea kufunga tita vilishika penseli bila taabu, na mtoto aliyetumwa kuleta vikombe saba alileta saba, si sita wala tisa. Alifurahi, akajisifu kidogo kwa mumewe.

Kati ya watoto hao alikuwamo Awiti, binti wa Ogutu mkata mkonge. Mwaka wa 1973 alikuwa na miaka sita, mwembamba, mwenye maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu. Ogutu hakuwahi kuingia darasani maishani mwake. Kila alipokutana na Tryphena alivua kofia na kusema maneno yaleyale.

"Mwalimu, huyo mtoto ni wako. Mimi sijui kitu. Najua panga tu. Wewe nitolee yeye huku kwa mkonge."

Na kumtoa kulikuwa na mlango mmoja, shule ya msingi ya jirani, ambako mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Donald, mtu msafi, mwenye tai hata Jumamosi. Mwezi wa tisa mwaka huo alipita nasari kuona watoto watakaomjia Januari. Tryphena alimchagua Awiti ahesabu, kwa kuwa alimwamini kuliko wote. Awiti akasimama na kuanza. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. Ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini. Hapo akainama, akaokota kijiwe, akakiweka karibu na mguu wake, akainuka.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu."

Mwalimu Donald alicheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka kwa sauti.

"Mwalimu Tryphena, kwani mlifika thelathini mkachoka? Mwite mwingine."

Mwingine naye alifika thelathini, akarudi moja. Na wa tatu vilevile. Mwalimu Donald alifuta miwani yake.

"Sikia, dada. Darasa langu ni dogo na watoto ni wengi. Januari nitachukua anayefika mia bila kusimama. Hawa watangoja mwaka mwingine."

Mwaka mwingine kwenye laini ulikuwa na maana yake. Mtoto wa miaka saba alianza kumfuata babake shambani, wa minane alikuwa na panga lake dogo, na wa tisa hakuna aliyemkumbuka tena kwa habari za shule. Tryphena alilijua hilo. Lakini tuseme ukweli, siku ile kilichomuuma zaidi kilikuwa kile kicheko. Alikwenda nyumbani uso umemwiva kwa aibu, akapika ugali, hakuula.

Kesho yake alikusanya vile vipande vyote vya mkonge akavitupa nyuma ya ghala. Akachonga fimbo. Kuanzia saa mbili hadi saa nne watoto waliimba moja hadi mia, wamesimama, mikono nyuma. Waliopita nje walisikia na kusifu kwamba sasa nasari imekuwa shule. Kufikia mwezi wa kumi na moja karibu wote walifika mia wakiimba, wengine wamefumba macho. Siku moja alimtuma mmoja wa hao waimbaji akalete vikombe saba. Alileta alivyoweza kubeba. Tryphena aliviona, akavihesabu, vitano. Alijua kuna kitu amekiharibu, lakini kwa kiburi akaendelea na wimbo uleule.

Awiti hakuimba kabisa. Alisimama na wenzake, midomo imefungwa. Fimbo ilipomkaribia alifika thelathini, akatazama chini akitafuta kijiwe, na sakafu ilikuwa imefagiwa. Tryphena alimkalisha peke yake baada ya saa za masomo.

"Awiti, mama, baada ya thelathini kunakuja nini?"

"Tunafunga," akasema Awiti.

"Sio kufunga. Kunakuja nini?"

Mtoto alimtazama kama anayemwonea huruma. Tangu siku hiyo hakusema neno nasarini, hata salamu.

Jumamosi moja mwanzo wa Desemba, Tryphena aliamua kwenda kumwambia Ogutu mwenyewe kwamba binti yake asipelekwe mtihani wa Januari, atamwaibisha bure. Alitoka asubuhi, akafuata reli ndogo ya troli za kubebea mkonge hadi walikokuwa wanakata. Jua lilikuwa bado halijakali. Ogutu alikuwa katikati ya mistari, anakata na kurusha majani pembeni, na Awiti alikuwa mwisho wa mstari, mgongo umemwelekea mwalimu wake. Alikuwa anaongea.

Na aliongea hasa! Tryphena alisimama nyuma ya mkonge mkubwa asionekane, akasikiliza sauti ambayo hakuisikia kwa majuma mengi.

"Baba, hili bado mbili."

"Ongeza."

"Na hili limezidi moja. Tulipeleke kwa lile?"

"Peleka."

Ogutu hakugeuka hata mara moja kuhakikisha. Mtoto alipachua jani hapa akalitia pale, akaweka kijiwe kwenye safu ya vijiwe vyake, akaanza tena moja. Tryphena aliviona vile vijiwe vimepangwa kumikumi, na mara akaelewa. Mtoto huyu hakukwama kwenye thelathini. Hapo palikuwa mahali pa kufunga na kuweka, ndipo uendelee. Alikuwa akijua alipo wakati wote.

Kwao Mgange, Tryphena alipokuwa msichana, alichunga mbuzi wa nyanya yake. Hakuna mtu aliyewakatia mbuzi njia. Walipita mahali pamoja leo na kesho na keshokutwa, majani yakalala, udongo ukashikana, hata mgeni akaiona njia. Sasa alifikiri kwamba kichwa cha mtoto labda kinafanya hivyohivyo. Kinachopitwa kila siku kwa mikono na macho na mdomo kinakuwa njia humo ndani. Awiti alikuwa na njia yake, imekanyagwa vizuri, na yeye Tryphena aliiziba kwa miiba halafu akamlaumu mtoto kwa kusimama.

Ogutu alimwona, akavua kofia.

"Mwalimu! Karibu. Umekuja na habari?"

Tryphena alifungua mdomo. Awiti alikuwa amenyamaza ghafla, jani mkononi, anamtazama.

"Nimekuja kuona kazi," akasema. "Awiti, nionyeshe matita yako."

Nasari ilikuwa imefungwa kwa likizo, lakini Jumatatu alilifungua ghala. Alilizunguka nyuma, akaviokota vile vipande alivyovitupa, vingine vimeliwa na mchwa, akaviingiza ndani yeye mwenyewe. Fimbo aliitia motoni chini ya chai. Watoto walikuja mmoja mmoja, wakashangaa, kisha wakaanza kufunga. Akawauliza maswali ya matita, nao wakamjibu, na Awiti akajibu wa tatu.

Januari ya 1974 ndiyo ile ambayo karo ya madarasa ya chini ilikuwa imeondolewa. Wazazi waliowahi kusema shule si ya watoto wao walikuja na watoto wawili wawili. Mstari wa darasa la kwanza ulitoka mlangoni kwa Mwalimu Donald ukafika kwenye ua wa minyaa. Mtoto alipofika mezani alipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto, kwa kuwa wengi hawakuwa na karatasi za kuzaliwa, na asiyelifikia sikio alirudi nyumbani kukua. Halafu akahesabu. Tryphena alikuja na watoto wake tisa wa nasari. Ogutu alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku, akabaki nje ya ua na buti zake za kazi, hakutaka kukanyaga ndani.

Awiti alilifikia sikio kwa ncha ya kidole. Mwalimu Donald akaandika kitu.

"Haya, hesabu."

Alihesabu. Alipofika thelathini akatoa kijiwe mfukoni, akakiweka juu ya meza, pembeni mwa kidau cha wino. Akaanza moja. Mwalimu Donald alivua miwani. Kijiwe cha pili. Kijiwe cha tatu. Moja, mbili, hadi kumi.

"Basi, basi," akasema Mwalimu Donald. "Mwalimu Tryphena, nilikwambia. Huyu amekwama palepale."

Tryphena alisogea mezani.

"Muulize amefika wapi."

"Umefika wapi, mtoto?"

"Matita matatu na majani kumi," akasema Awiti.

Mwalimu Donald alitaka kucheka, kisha midomo yake ikaanza kusogea bila sauti. Thelathini, sitini, tisini, na kumi. Alikitazama kijiwe cha tatu. Ilikuwa mia kamili.

Hakuwa mtu mbaya, na hesabu aliipenda kwa dhati. Akavuta kiti karibu.

"Nikitoa majani matano?"

"Yanabaki matita matatu na matano."

"Na kama sikutoa matano? Tuseme nimetoa kumi na tano."

Awiti alivitazama vijiwe. Nyuma yao mtoto mwingine alianza kulia, mamake akamnyamazisha. Tryphena alijikuta anashika meza. Mtoto alinyoosha mkono, akarudisha kijiwe kimoja mfukoni.

"Itabidi tufungue moja," akasema. "Yanabaki matita mawili. Na majani ishirini na matano."

Mwalimu Donald aliweka kalamu chini. Kisha akamgeukia Tryphena, na safari hii hapakuwa na kicheko.

"Hii ndiyo ile hesabu ya kutoa kwa kuazima. Darasa la tatu wananitoa jasho nayo. Umemfundishaje?"

Hapo Tryphena angeweza kusema neno moja tu, na sifa ingekuwa yake. Aliitamani sana. Kwa miaka minne alikuwa akingoja mtu mwenye tai amuulize swali hilo.

"Sikumfundisha mimi," akasema. "Ni babake. Yule pale nje."

Mwalimu Donald aliinuka akaenda mlangoni, akamwita kwa mkono. Ogutu alikuja akiwa amevua kofia mapema, jasho linamtoka.

"Mwalimu, kama amekosea usimchape. Ni mimi nilimzoesha vibaya. Huko kwetu tunarudi moja."

"Hajakosea," akasema Mwalimu Donald. "Mzee, umefundisha mtoto huyu hesabu kuliko tunavyofundisha sisi hapa. Njoo uone jina lake likiandikwa."

Ogutu alisogea, akaitazama kalamu ikitembea, ingawa hakujua herufi ipi ni ipi.

Walirudi kwa miguu, watu wazima wawili nyuma na watoto mbele, tisa, saba kati yao wameandikwa na wawili wamerudishwa na masikio. Jua lilikuwa kali sasa. Tryphena aliona asipolisema leo hatalisema kamwe.

"Baba Awiti, ile Jumamosi nilipokuja shambani sikuja kuona kazi. Nilikuja kukwambia usimlete. Mimi ndiye niliyemnyamazisha mtoto wako miezi mitatu. Naomba unisamehe."

Ogutu aliendelea kutembea. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, ile mikono iliyokakamaa kwa utomvu wa mkonge, anaigeuzageuza. Tryphena alidhani amekasirika, naye akaona ana haki.

"Mwalimu," akasema hatimaye, "yule bwana alisema mimi nimefundisha?"

"Alisema."

"Alisema mimi?"

"Wewe, Baba Awiti. Alisema umemfundisha kuliko wao."

Walipita daraja la reli ndogo. Paa za laini zilianza kuonekana.

"Rudia tena," akasema Ogutu.