Ndama wa Ngozi ya Ndama

Chwaaa. Ngozi ikiachana na nyama hulia hivyo, kama shuka jipya linalochanwa na mtu asiye na haraka. Aliusikia mlio huo akiwa na miaka saba, mlangoni mwa machinjio, amempelekea baba yake chakula. Baba alinawa, akala. Yeye alitapika kando ya mfereji, na tangu siku hiyo nyama haijapita kooni mwake.

Na bado kazi aliyoipata ukubwani ikawa ya ngozi. Karakana inashona mikoba ya bei ya kutisha. Yeye hukaa meza ya mwisho, karibu na choo, akiokota mabaki yenye upana wa kiganja na kuyafanya sanamu za wanyama. Wenzake wanamwita Mama Safina.

Ana sharti moja: mnyama asivae ngozi yake mwenyewe. Ya mbuzi huwa bundi. Ya ng'ombe, kobe. Ya mbuni, paka mwenye vipele.

"Gundi imekupanda kichwani," humtania wifi yake wa meza ya jirani. "Ngozi haikumbuki kitu."

"Ina vinyweleo, wifi. Itazame vizuri."

Juzi tajiri, mwenye karakana, alikuja na manukato yake, akamwaga mezani mabaki meupe.

"Mteja anataka ndama wa ngozi ya ndama. Kitu halisi. Kesho mchana."

"Nimfanyie njiwa, tajiri. Atapendeza."

"Ndama. Ukishindwa, mabaki yote jalalani, na hapa ulipokaa naweka friji."

Miaka kumi na mmoja alikuwa kwenye meza ile. Akakata.

Ngozi ilikuwa laini kama shavu la mtoto, na ulaini huo ndio uliomtia kinyaa. Alinawa mara tatu. Hata sabuni ikaanza kunuka ndama. Akaunga masikio, miguu, mkia. Sanamu hizi hushonwa upande wa ndani ukiwa nje, kisha hugeuzwa kupitia tundu la tumboni, ndipo zijazwe pamba. Mchana wa pili kazi ilibaki hiyo tu, kugeuza. Akatia vidole viwili tumboni, akavuta kidogo.

Chwaaa.

Akaachia. Mate yakamjaa mdomoni, ya chumvi, yale yale ya mferejini.

Tajiri akamkuta hivyo, ndama kalala chali mbele yake.

"Mbona upande wa kukwaruza uko nje?"

"Hajageuzwa."

"Sasa kugeuza nako kuna shule, bibie? Si unavuta ngozi tu?"

"Huyo kaikosa safina," mmoja akasema nyuma, na meza mbili tatu zikacheka.

Akajifuta vidole kwenye aproni. Akamchukua ndama kwa mikono miwili, akamweka kwenye viganja vya tajiri, tundu likitazama juu. Wifi akasimamisha cherehani, na hata hivyo nusura asisikie.

"Mchune wewe."