Chumvi ya Kupandisha Mlimani

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka kwa miguu, mwanangu, si kwa kichwa. Iliniuma kuanzia nyonga hadi kisigino, na hata leo nikiona vijana wa Butembo wamevaa kofia ngumu wakipanda milima kwa baiskeli kwa raha zao tu, magoti yangu yanalalamika kabla mdomo haujafunguka. Lakini sikuzuii. Nimesikia kwamba wewe na wenzako mnapanga kuzunguka vijiji vya zamani vya upande wa Vuhovi na kuendelea hadi huko juu, na mama yako hana usingizi. Kuhusu barabara nina neno moja tu: kila mkifika mahali, ulizeni hali ya mbele kabla ya kuendelea, na mkiambiwa rudini, rudini bila ubishi. Kuhusu mengine, weka simu chini kidogo unisikilize.

Wakati huo nilikuwa nimechumbiwa na Kakule, huyo huyo babu yako anayekoroma chumba cha pili. Familia yake ilikuwa tayari kuleta mbuzi wa mahari, ila wakauliza: tumpelekee nani? Baba yangu alikuwa amefariki nikiwa mdogo. Mama alitulea mjini, mimi na mdogo wangu Kambale, kwa kuuza maharagwe na viazi sokoni. Na kwetu mahari haipokelewi na mama peke yake, lazima asimame mtu wa upande wa baba. Tulibaki na mmoja tu tuliyemjua, Baba mkubwa Paluku, kaka yake marehemu baba, aliyekuwa akiishi mlimani. Hatukuwa tumemwona tangu mazishi.

Asiposhuka yeye, hakuna harusi. Wazazi wa Kakule walikuwa watu wazuri, lakini hawakuwa watu wa kungoja milele, na tayari kuna binti mwingine alikuwa ameanza kutajwatajwa pale kwao. Nilikuwa na hofu, sikufichi, maana nilimpenda yule kijana. Siku hizo alikuwa hakoromi.

Kambale ndiye aliyesema twende kwa baiskeli. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari na kichwa chake kilijaa historia: machifu waliozikwa chini ya mitoma, ile miti mikubwa ya zamani, nyumba za wazungu wa kahawa zilizoachwa wazi, kanisa la kwanza la matofali. Akasema tunakwenda kumtafuta mzee, sawa, lakini tufanye na matembezi humo humo. Tukaazima baiskeli mbili za mizigo. Mama akanipa kitenge cha kumpelekea mke wa Baba mkubwa, nikakitia kwenye mfuko wangu, na Kambale akakataa kabisa tusifunge kitu kingine chochote nyuma. Alitaka tupande wepesi.

Na kweli tulikwenda vizuri. Kulikuwa na ukungu mashambani, mikaratusi inanukia, na kwenye miteremko tulikuwa tunapiga kelele kama wehu. Breki zenyewe, mwanangu, zilikuwa kandambili ya Kambale: unaikandamiza kwenye tairi la nyuma na unasali. Sketi yangu ilinaswa kwenye mnyororo, nikaikata kwa meno. Tulisimama kwenye mitoma, mzee mmoja akatuonyesha chifu yupi amelala wapi, Kambale akavua kofia na kuuliza maswali mpaka mzee akachoka. Nilimwona mdogo wangu ana furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu baba afariki.

Chini ya mlima wa mwisho kuna kijito chenye daraja la magogo. Magari yanaishia hapo. Tukawakuta akina mama wamekaa kando ya mizigo yao ya chumvi, sabuni na mafuta ya mawese, wanapumzika kabla ya kupanda. Mmoja wao, jina lake Mama Kavugho kama nilivyokuja kulijua baadaye, akasimama alipotuona.

"Munapanda?"

"Tunapanda, mama," akajibu Kambale.

"Ah, Mungu njo anatuma nyinyi! Mutusaidie basi na hii chumvi. Baiskeli zenu haziko na kitu."

"Hapana, mama. Sisi hatuko bachuuzi. Tuko natembea tu, tunaenda kuona historia."

"Historia?" Akatuangalia, kisha akakaa tena taratibu. "Haya. Mwende muzuri."

Mimi nilikuwa nawaza mbuzi tu. Tukapanda, mahali pengine tukikanyaga, mahali pengi tukisukuma, na tukafika mapema tukiwa tumejisifu sana.

Baba mkubwa Paluku alikuwa uani anachambua maharagwe, amevaa koti kuukuu. Hatukuhitaji kujitambulisha. Alinishika kidevu, akasema, "Hii sura ni ya mudogo yangu," na machozi yakamtoka pale pale, nami yakanitoka. Mke wake akapokea kitenge kwa mikono miwili, akatupa maji ya kunawa, akatuletea ugali wa muhogo na maharagwe. Nikaeleza shida yangu yote kabla hata ya kumega tonge. Mzee alisikiliza, akaitikia kwa kichwa kwa upole, nami nikajua mambo yangu yamekwisha kutengenea.

Kambale akaonja maharagwe, akakunja uso.

"Baba mukubwa, hakuna chumvi?"

"Mvua ilikata njia. Tangu juma jana mulima yote inakula hivi. Lakini chumvi iko njiani, banasema iliisha kufika kwa daraja." Akaendelea kula. "Hamukukuta bamama kule?"

Mimi nikatazama sahani. Kambale, ambaye hajui kudanganya mpaka leo, akamweleza kila kitu, na neno lile la historia akalisema.

Mzee akanawa mikono polepole. Hakupandisha sauti.

"Munajua nani alijenga hii kijiji? Ni babeba chumvi. Bakoko yetu, babu za zamani, balikuwa natoka nayo kule Katwe, kwa ziwa, kwa miguu, wiki na wiki. Hapa njo balikuwa napumuzika. Bengine bakajenga, na bakapatana: mutu anapanda na mikono mitupu, anabebea mwenye kuchoka. Mutu wa hapa hapitake muzigo chini ya mulima. Njo historia yetu. Hatuna ingine."

"Hatukujua, Baba mukubwa," nikasema.

"Ninajua hamukujua. Lakini wewe, Masika binti yangu, siku ya mbuzi batu bataniuliza: ule binti ni wa kwenu? Mulima yenu inamujua? Nitajibu nini? Mimi sisemake bongo, sidanganyake batu."

"Basi unakataa?" Kambale akauliza.

"Sikatae. Sifukuze nyinyi, nyumba ni yenu. Lakini mushuke kwanza."

Nilikasirika, mwanangu. Nilitoka pale nikisema moyoni kwamba mzee huyu ameweka chumvi mbele ya damu ya ndugu yake. Nilimwona Kakule anaoa yule mwingine. Tukashuka, kandambili inanuka moshi.

Tulimkuta Mama Kavugho kwenye kona kali, wenzake nyuma yake, hata nusu ya njia hawajafika. Gunia liko mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso kama akina mama wetu wanavyobeba, na shingo yake imesimama mishipa. Nilimtazama na hasira yote ikaniishia. Mama yangu alikuwa na alama ya kamba ile ile pajini, na mimi nilimpita mwenzake huku nimekaa juu ya baiskeli tupu. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tena.

"Ee, batu ba historia!" akacheka, anahema. "Muliisha kuiona?"

"Hapana bado, mama," Kambale akasema. "Utupe ile muzigo, tafazali. Na ya bale bengine."

Alituangalia kidogo, akainama, nami nikamtoa kamba kichwani. Tukafunga magunia kwenye baiskeli zote mbili. Sasa hapo ndipo miguu yangu ilipokwisha, kwa sababu kusukuma chumvi kwenye udongo uliolowa si kazi ya kusimulia. Mama Kavugho alisukuma nyuma yangu, na kwa kuwa shingo yake ilikuwa imepata nafasi aliongea bila kukoma: aliniuliza habari za mama, za soko, za Kakule, kama ni mlevi, kama anajua kulima. Tulipofika juu alikuwa anajua mambo yangu kuliko padri.

Chumvi ikagawanywa pale uani, nyumba hadi nyumba, kila mtu na bakuli lake. Kila aliyepokea aliuliza sisi ni watoto wa nani, na kila aliyeambiwa alimkumbuka baba. Mmoja alisoma naye. Mwingine alimfundisha kutega fuko. Sikuwa najua kwamba baba yangu aliwahi kutega fuko. Mke wa mzee akarudisha maharagwe motoni, na Baba mkubwa akaja kukaa karibu yangu.

"Sasa njo mulifika," akasema. "Mbuzi inakuya siku gani?"

Siku ya mahari hakushuka peke yake. Alishuka na Mama Kavugho na watu ambao mama alishindwa kuwahesabu, wamebeba maharagwe, ndizi na nyimbo, mpaka uani kwetu hapakuwa na pa kukanyaga. Msemaji wa upande wa Kakule akauliza, kama desturi inavyotaka, huyu binti ni wa nani. Baba mkubwa hakujibu. Aligeuka tu akawatazama watu wake, nao wakaitika wote kwa pamoja: "Ni wetu!" Mimi niliyekulia mjini nikijiona yatima nililia mpaka wakafikiri sitaki kuolewa.

Basi nenda, mwanangu. Piga picha, ona mitoma, ona kanisa. Lakini chini ya kila mlima shuka kwenye baiskeli, salimia, na uliza nani anapanda na amebeba nini. Chukua unachoweza, hata kama kitakuchelewesha, hata kama wenzako wamekwisha kufika juu. Usiwapite watu ukienda kuangalia kijiji chao, maana hao ndio kijiji. Na ukipewa chakula, kula kwanza, maswali yatangoja.

Mungu wa baba zako akushike kwenye mteremko na akusukume kwenye mwinuko. Mvua ikungoje ufike. Kila mlango utakaopigia hodi ufunguliwe na mtu atakayekuuliza mama yako anaendeleaje, na wewe uwe na habari njema za kumjibu.